Siri na Mwenye Kuijua: Uhakiki wa Hadithi za Paratime za H. Beam Piper

Utangulizi

Hadithi za kubuni za kisayansi hazijapewa nafasi ya maana katika uhakiki wa Kiswahili. Sababu zinazotolewa kwa kawaida ni mbili: kwanza, kwamba hadithi hizo ni za kuburudisha tu, na pili, kwamba mazingira yake ni ya kigeni mno, kiasi cha kutomgusa msomaji wa Afrika Mashariki. Sababu ya kwanza haina uzito, kwani kazi yoyote inayosomwa na umma mkubwa hubeba itikadi, hata pale mtunzi wake anapodai kwamba hana. Ya pili ndiyo inayostahili jibu. Makala hii inakusudia kuijibu kwa kuchunguza kundi moja la hadithi ambamo swali kuu ni hili: mtu wa kawaida anapotambua kwamba dunia yake inatembelewa kwa siri na maajenti wa dunia nyingine, utambuzi huo humletea faida gani, na humletea hasara gani?

Hadithi zenyewe ni zile za Henry Beam Piper (1904–1964), Mmarekani wa jimbo la Pennsylvania, aliyefanya kazi katika kampuni ya reli kwa miaka mingi na ambaye elimu yake kubwa aliipata kwa kujisomea. Zilitoka kuanzia 1948 katika jarida la Astounding Science Fiction, ambalo katika 1960 lilibadili jina na kuitwa Analog. Riwaya inayozikamilisha, Lord Kalvan of Otherwhen, ilichapishwa 1965, baada ya mtunzi kufariki. Hadithi fupi zilikusanywa 1981 katika kitabu kinachoitwa Paratime.

Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba Piper anafahamu vyema kuwa siri ni chombo cha unyonyaji, na anaonyesha jambo hilo waziwazi katika misuko yake. Hata hivyo, anapomwumba mhusika mwenye uwezo wa kuivunja siri, humgeuza kuwa mlinzi wake. Mgongano huu kati ya kile ambacho msuko unaonyesha na kile ambacho mtunzi anakisifu ndio kiini cha thamani ya hadithi hizi, na ndio udhaifu wao pia.

Mpango wa ulimwengu wa Piper

Katika hadithi hizi, wakati hauendi mbele tu kama mto. Una upana vilevile. Kando ya dunia hii ziko dunia nyingine zisizohesabika, ambazo zilitengana nayo pale ambapo tukio fulani lilikwenda mkondo tofauti. Piper anazigawa katika ngazi tano. Watu wa Ngazi ya Kwanza, miaka elfu kumi na mbili iliyopita, waliimaliza dunia yao: madini yakaisha, ardhi ikachoka. Walipokuwa ukingoni mwa kuangamia waligundua namna ya kusafiri kwa upana wa wakati, na tangu hapo wanaishi kwa kuchota mali ya dunia nyingine. Huchukua kidogo hapa na kidogo pale, na wenyeji hawajui kwamba wanachukuliwa.

Uchumi huu una sharti moja. Wenyeji wakijua, biashara imekwisha. Kwa hiyo Ngazi ya Kwanza imeunda jeshi la polisi ambalo kazi yake ya kwanza ni kuilinda siri, na shujaa wa hadithi nyingi ni ofisa wa jeshi hilo, Verkan Vall, msaidizi wa mkuu aitwaye Tortha Karf. Katika hadithi ya Police Operation (1948), mnyama mkali wa sayari ya Zuhura, aliyeletwa kinyume cha sheria, anatoroka na kuanza kuua mifugo katika mashamba ya Pennsylvania. Verkan Vall anatumwa kumwangamiza. Lakini kazi ngumu zaidi si kumwua mnyama, bali ni kuwaachia wakulima maelezo yatakayowatosheleza, ili wasiendelee kuuliza. Piper alilipata wazo hili kwa Charles Fort, Mmarekani aliyekusanya habari za matukio yasiyoelezeka, na ambaye aliwahi kukisia kwamba huenda kuna polisi wa siri ambao kazi yao ni kuwapotosha binadamu wasishuku.

La kutiliwa maanani ni kwamba mtunzi hafichi hali hii. Hakuna mahali anapodai kwamba Ngazi ya Kwanza inawaletea wengine ustaarabu, wala kwamba inachokitwaa inakilipia kwa haki. Ni kupe aliyekaa mgongoni mwa ng'ombe, mwenye busara ya kutonyonya hadi ng'ombe akahisi. Ukweli huu msomaji anaelezwa tangu mwanzo. Wasioelezwa ni wahusika.

Ukweli bila mashahidi: Bathurst

Mhusika wa kwanza kuonja matokeo ya siri hii ni Benjamin Bathurst, katika He Walked Around the Horses (1948). Bathurst ni mtu wa historia. Alikuwa mwanabalozi wa Uingereza aliyetoweka Perleberg, nchini Prussia, mwezi wa Novemba 1809, na hakuonekana tena. Piper anamtoa katika dunia yake na kumwingiza katika nyingine, ambamo mapinduzi ya Marekani na ya Ufaransa yalishindwa na Napoleon hakupata kuwa mfalme mkuu. Bathurst anaeleza yeye ni nani, anatoa hati zake, anawataja watu anaowafahamu. Kila analolisema ni kweli katika dunia aliyotoka, na kila alisemalo ni wazimu katika dunia aliyofika. Mwishowe anauawa kwa risasi akijaribu kutoroka kizuizini.

Fani ya hadithi hii inastahili kuangaliwa kwa makini. Hakuna msimulizi. Yote yanapatikana kwa njia ya ripoti za polisi, barua za maofisa na maelezo ya mashahidi. Kila ofisa anaandika kwa uaminifu kile alichokiona, na kila mmoja anahitimisha vibaya. Piper anaonyesha kwamba maofisa hawa si wajinga wala si wakatili. Wanatumia mantiki iliyo sawa, ila vigezo vyao havina mahali pa kuuweka ukweli wa mgeni huyu. Mtu mwenye ukweli usio na mashahidi huitwa mwendawazimu au jasusi, na faili lake hufungwa.

Ikisomwa peke yake, hadithi hii ni kejeli nzuri juu ya urasimu. Ikisomwa pamoja na nyingine katika mkusanyo wa 1981, inakuwa na uzito mwingine. Katika utaratibu wa Paratime, siri hailindwi na bunduki za polisi tu. Inalindwa pia na akili ya kawaida ya watu wa kawaida, ambao humkataa mwenye habari kabla maajenti hawajahitaji kumfikia. Bathurst hakuwahi kumjua ajenti yeyote. Alishindwa na makarani.

Waliona, lakini kwa lugha gani? Hekalu na watumwa

Kundi la pili la wahusika ni wale waliowaona maajenti kwa macho yao, ila wakakosa lugha ya kuwaelezea. Katika Temple Trouble (1951), kampuni moja ya Ngazi ya Kwanza inachimba urani katika nchi ambayo wenyeji wake hawajui urani ni nini. Ili kuficha machimbo, kampuni imeanzisha dini ya mungu Yat-Zar. Makuhani wa ngazi ya juu ni wafanyakazi wa kampuni, na wa chini ni wenyeji wanaoamini kwa moyo wote. Miujiza hufanywa kwa mitambo. Mfalme wa nchi anapoukataa mungu huyo na kuwakamata makuhani, Verkan Vall anaitwa ili airudishe imani, na urani iendelee kutoka.

Mwaka iliochapishwa hadithi hii si wa kupuuzwa. Urani iliyotumiwa na Marekani katika kutengeneza mabomu ya atomiki ya 1945 ilitoka kwa kiasi kikubwa katika machimbo ya Shinkolobwe, Katanga, katika iliyokuwa Kongo ya Wabelgiji. Ilichimbwa na wafanyakazi wa kampuni ya Union Minière, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi, na wafanyakazi hao hawakuambiwa madini yale yalikwenda kufanya nini. Si lengo la makala hii kudai kwamba Piper alikuwa akiifikiria Shinkolobwe. Ushahidi wa jambo hilo haupo, wala hauhitajiki. Inatosha kusema kwamba mpango alioubuni kwa ajili ya dunia za kufikirika ulikuwa na mfano wake hai katika dunia hii, na kwamba mchimbaji msemaji wa Kiswahili alikuwa katika nafasi ya yule mwabudu wa Yat-Zar: juu ya mali asiyoijua jina, chini ya watu waliojua bei yake. Hapa ndipo dai la kwamba hadithi hizi ni za kigeni mno linapoporomoka.

Time Crime (1955) inakwenda mbali zaidi. Wahalifu wa Ngazi ya Kwanza wananunua mateka katika dunia moja na kuwauza utumwani katika nyingine. Siri inaanza kufichuka katika shamba kubwa la kampuni halali ya Ngazi ya Kwanza, baada ya kampuni hiyo kununua watumwa kutoka kwa wafanyabiashara wa pale. Inaonekana kwamba baadhi yao wana majeraha ya risasi ambayo silaha za nchi ile haziwezi kuyafanya. Watumwa wanahojiwa wakiwa wamelazwa kwa dawa, nao wanawasimulia wachawi waliowanunua na nyumba za ajabu walimopitishwa. Ushuhuda wao ni sahihi kwa kila jambo waliloliona. Neno “mchawi” ndilo linaloufanya usiwe na madhara kwa yeyote.

Jambo linalomgutusha msomaji ni lile ambalo polisi hawalioni kuwa kosa. Kampuni inayonunua watumwa haishtakiwi kwa kuwanunua, kwani utumwa ni desturi ya mahali pale na sheria inaruhusu kufuata desturi za wenyeji. Kosa ni kuwavusha watu kutoka dunia moja hadi nyingine na kuiweka siri hatarini. Mtunzi anaandika haya bila kejeli iliyo wazi, na ni vigumu kuamua kama analaumu au anaripoti tu. Lakini mantiki ya msuko ni kali kuliko sauti ya mtunzi: panapotawala siri, sheria hupima uovu kwa kiasi unavyoelekea kuifichua, si kwa maumivu ya wanaotendewa.

Mwenye kujua anapofanya mapatano: Kalvan

Riwaya ya Lord Kalvan of Otherwhen inamleta mhusika wa aina ya tatu. Calvin Morrison ni koplo wa polisi wa jimbo la Pennsylvania, askari wa zamani wa vita vya Korea, aliyesoma kwa muda Princeton na mwenye mapenzi makubwa na historia ya vita. Katika Mei 1964, akiwa kazini, ananaswa na chombo cha maajenti kinachopita. Anamwona mtu ndani, anafyatua bastola, na mara anajikuta ametupwa mahali pengine.

Kurasa ambamo Morrison anafikiri kuhusu mahali alipo ni miongoni mwa bora alizoandika Piper. Milima ni ile ile aliyoizoea, lakini miti ni ya msitu usioguswa na shoka. Kwanza anadhani amerudi nyuma katika wakati. Kisha anakutana na watu wenye bunduki za gumegume, wanaosema lugha asiyoijua, na dhana hiyo inaanguka. Anaunganisha alichokiona ndani ya chombo na anachokiona nje, hadi anahitimisha kwamba wako watu wanaosafiri kati ya dunia na dunia, kwamba wanaificha safari hiyo, na kwamba watamtafuta wamnyamazishe. Hakuelezwa na mtu. Alichokifanya Bathurst kwa kulalamika, Morrison anakifanya kwa kukisia na kupima. Huu ndio utambuzi kamili wa kwanza katika hadithi zilizochunguzwa hapa, na msomaji aliyewafuata wakulima, waabudu na watumwa waliodanganywa anangoja kwa hamu kuona mwenye kujua atafanya nini.

Anayoyafanya ni mambo mawili yanayopingana. Katika dunia ile, makuhani wa Nyumba ya Styphon ndio pekee wanaojua kutengeneza baruti. Huipa baruti milki wanayoipenda, huinyima ile wanayotaka iangamie, na wakuu wao wenyewe hawamwamini mungu wanayemhubiri. Morrison, ambaye sasa anaitwa Kalvan, anajua kwamba baruti ni shura, salfa na makaa. Anawafundisha watu wa Hostigos kuitengeneza, tena iliyo bora kuliko ya makuhani, na anahakikisha kwamba elimu hiyo inaenezwa kwa kila anayeitaka. Ukiritimba wa Styphon unavunjika. Hilo ni jambo la kwanza, na riwaya inalisherehekea kama ushindi wa elimu juu ya ulaghai.

Jambo la pili linafanyika kimya. Kwa kujua kwamba uhai wake unategemea usalama wa siri ya maajenti, Kalvan anawatungia wenyeji wake hekaya ya kutupwa huko kwa uchawi kutoka zama nyingine. Hekaya hiyo inaifunika siri vyema kuliko ukimya. Verkan Vall, aliyefika kumwua ikibidi, anajifanya mfanyabiashara, anapigana upande wake, anakuwa rafiki yake, na mwishowe anaridhika kwamba hapana haja ya kumwua. Siri ndogo ya makuhani imetangazwa sokoni. Siri kubwa ya Ngazi ya Kwanza imepata mlinzi mpya, naye amelipwa taji na mke, binti wa mfalme.

Mtu akiisoma riwaya hii baada ya Temple Trouble hawezi kukosa kuona kwamba Nyumba ya Styphon na hekalu la Yat-Zar ni kitu kimoja: makuhani wasioamini, miujiza ya kutengenezwa, na mali iliyo nyuma ya pazia. Katika hadithi moja Verkan Vall anaijenga upya nyumba ya namna hiyo. Katika nyingine anasaidia kuibomoa. Tofauti pekee ni mwenye hisa. Piper hakuandika sentensi hata moja ya kuzikutanisha hadithi hizi mbili, na pengine hakupenda zikutane.

Aidha, riwaya inawaleta wasomi wa chuo kikuu cha Ngazi ya Kwanza, ambao wanafurahia mkasa wa Kalvan kwa kuwa unawapa nafasi ya kuchunguza kama mtu mmoja anaweza kugeuza historia. Ili wapate kipimo, wanaangalia dunia za jirani zisizokuwa na Kalvan, ambamo Hostigos inaangamizwa. Wanaandika. Hakuna anayependekeza kwamba watu wale wa jirani, walio na nyuso zile zile na majina yale yale, wapewe nao kanuni ya baruti. Mtunzi anaipita sehemu hii haraka, kama jambo la kitaalamu. Msomaji ambaye kazi yake ni utafiti hataipita kwa wepesi huo.

Wajumbe wa Kusadikika

Mwaka ule ule wa 1951, ilipotoka Temple Trouble, ndipo kilipochapishwa Kusadikika cha Shaaban Robert. Vitabu hivi viwili havikujuana, lakini kuvilinganisha kunafaa kwa sababu vyote vinahusu watu wanaosafiri kwenda dunia nyingine. Wajumbe sita wa Kusadikika wanatumwa pande zote nne, mbinguni na ardhini. Kila mmoja anarudi na habari za mambo mema aliyoyaona, na kila mmoja anatupwa gerezani kwa kutaka nchi yake iyafuate. Karama anaposimama barazani kujitetea, utetezi wake ni kuwataja wajumbe hao mmoja mmoja, siku baada ya siku, mbele ya mfalme na watu.

Wasafiri wa Piper wameapa kunyamaza, na kunyamaza ndiko kunakowapandisha cheo. Wasafiri wa Shaaban Robert wanafungwa kwa sababu ya kusema, na kusema ndiko kunakowafungulia mlango mwishoni. Inaweza kujibiwa kwamba Kusadikika ni istiara yenye lengo la kufundisha, ilhali riwaya ya Piper ni ya mapigano na vituko, na kwamba si haki kuzipima kwa mizani moja. Jibu hilo lina ukweli kwa upande wa fani. Kwa upande wa maudhui halisaidii, kwani kazi zote mbili zinauliza elimu ya dunia nyingine ni mali ya nani, na kila moja inatoa jibu kwa njia ya hatima inayompa mwenye kuijua.

Hitimisho

Piper alikuwa fundi wa msuko, na ukweli wake kuhusu uchumi wa Ngazi ya Kwanza ni nadra kupatikana katika fasihi pendwa ya wakati wake. Alionyesha kwamba unyonyaji uliokamilika ni ule usiohisiwa, kwamba dini na uchawi vinaweza kuwa mapazia ya machimbo, na kwamba mwenye ukweli anaweza kuangamizwa na watu wema wenye faili. Udhaifu wake ni wa mahali pa kusimama. Anaitazama dunia akiwa amesimama ndani ya chombo cha maajenti, na mhusika akishatambua yanayotendeka hupewa nafasi ndani ya chombo hicho au huondolewa. Kuna njia ya tatu, ya kuwaita wenzake na kuwaambia, na njia hiyo haimo katika hadithi hata moja kati ya zilizochunguzwa hapa.

Hadithi za kubuni za kisayansi zinaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na mtunzi atakayezijaribu hatakosa malighafi. Swali la kumwachia ni lile ambalo Lord Kalvan of Otherwhen imeliepuka. Siku mmoja wa waabudu wa Yat-Zar atakapoinua pazia na kuiona mitambo, atamwambia nani kwanza, na atasema kwa maneno gani ili asiitwe mwendawazimu? Watumwa wa Time Crime waliona kila kitu, wakakosa neno moja tu. Kulitafuta neno hilo ni kazi ya mtunzi, na kwa kiasi kikubwa ni kazi ya mwanaisimu pia.